Kaseti za zamani: ipi ibaki, ipi itoke

Wenye makabati yaliyojaa kaseti za taarab na dansi wamegawanyika. Wapo wanaosema hamishia sauti kwenye kompyuta, kisha plastiki yote itupwe. Wapo wasiotaka hata moja iguswe. Wote wanahesabu kaseti, ilhali cha kuhesabu ni kile ambacho hakipatikani kwingine.

Kwa kipimo hicho, albamu ya kiwandani yenye jalada la kupendeza ndiyo mara nyingi ya kutoka: iliuzwa nyingi, na nyimbo zake huenda zimeshafika kwenye intaneti. Ya kubaki ni ile iliyoandikwa kwa kalamu tu, "Redio, Jumapili jioni". Miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapigwa hewani, na nyingi hazikutolewa kwenye santuri. Msikilizaji aliyebonyeza kitufe cha kurekodi sebuleni kwake anaweza kuwa ameokoa wimbo, tena pamoja na sauti ya mtangazaji na salamu za siku hiyo. Harusi, maulidi na barua za sauti walizotumiana ndugu hazihitaji mjadala. Hizo zibaki.

Kabla ya kuamua lazima usikilize, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tazama kwanza kidirishani: unga mweupe ukingoni mwa mkanda ni ukungu, jambo la kawaida kwa nyumba za pwani. Usiipige. Ukungu huhamia kwenye hedi ya redio, yaani kichwa kinachosoma mkanda, na kutoka hapo huingia kaseti inayofuata. Itenge kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kukaushia unyevu. Iliyo safi, izungushe kwa kalamu uone kama inakwenda kwa ulaini, halafu ipeleke mbele kwa kasi mpaka mwisho na kuirudisha, ili mizunguko iliyogandana iachiane. Safisha hedi na kigurudumu cha mpira kinachobana na kuvuta mkanda kwa pamba yenye spiriti kidogo. Sauti ikiwa hafifu au inapotea, angalia kipedi kidogo nyuma ya mkanda. Gundi yake hukauka kikadondoka, na mkanda hauigusi tena hedi sawasawa. Dawa ni kuhamishia mkanda kwenye ganda jingine lenye skrubu. Mkanda uliokatika usiunge kwa selotepu ya ofisini, maana gundi yake huvuja na kunatisha mizunguko ya jirani. Kaseti za dakika 120 zishughulikie kwa uangalifu zaidi: mkanda wake una karibu nusu ya unene wa ule wa dakika 60, ndiyo sababu redio huula upesi.

Wanaotaka kutupa wana hoja nzito. Mkanda unazeeka, redio kaseti nzima zinazidi kuadimika, na nafasi nyumbani ni ndogo. Lakini nakala ya kwanza mara nyingi huwa mbovu: hedi imekaa upande, kwa hiyo sauti za juu zimefifia, au mkanda wa mpira ndani ya mashine umelegea na mwimbaji anavuta maneno. Mwenye kaseti asilia atageuza ile skrubu ndogo kando ya hedi hadi sauti ing'ae, arekodi upya. Aliyetupa hana pa kurudi. Hifadhi kwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ya biti 24 na kHz 48, ambapo saa moja hula takriban GB 1, na weka nakala mbili mahali tofauti. Simu pekee si ghala. Kazi hii haina mkato: kaseti 100 za dakika 60 ni saa 100 za kukaa nazo, sababu nyingine ya kuchambua kwanza.

Zinazotoka, piga picha majalada yake pande zote, kwani majina ya wapigaji mara nyingi yameandikwa humo tu. Zenye skrubu tano ziweke kando hata kama nyimbo zake huzitaki. Maganda hayo ndiyo yatakayopokea mikanda iliyokwama.