Kufuli kwetu, funguo kwao

Kitu kinachonichoma roho na hizi programu za siku hizi ni kwamba ukinunua hujanunua. Walipa pesa yako halali, wapewa risiti, alafu kila siku waomba ruhusa upya ya kutumia kitu ushakilipia. Na yule ambaye hakulipa hata ndururu, aliyewekewa ya bure na fundi, yeye afungua afanya kazi zake hakuna anayemuuliza. Nimelifikiria sana hili na leo nataka niliseme lote, kwa sababu naona limeshikana na lile janga jengine la matapeli wa simu ambalo hapa Mombasa sijui nyumba gani halijaingia, na watu wayazungumza kama mambo mawili yasiyojuana.

Dada yangu ana duka la mabuibui huko Kibokoni. Ana mashine ya tarizi ya kompyuta, zile zinazotia maua kwenye mikono na kifuani, na programu ya kuchorea hayo maua ilikuja na kidude cha kuchomeka kwenye USB mfano wa flashi, hicho kidude ndo leseni yenyewe, kisipokuwepo programu haifunguki. Sasa ikawa ni Ramadhani, Idd iko mlangoni, msimu ambao mshonaji wa mabuibui halali usiku, kidude kikafa. Kompyuta haikioni. Akawaandikia wauzaji, wakamjibu akitume kile kibovu kwa kuria nje ya nchi, alipe ada, asubiri kengine, na wakamwambia wazi kwamba lau kingekuwa kimepotea au kimeibiwa basi angenunua programu upya kwa bei kamili. Risiti anayo. Jina lake wanalo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebisha kwamba alilipa, na bado akaambiwa kidude ndo mteja, si yeye.

Akaja fundi, kijana mzuri tu na kazi yake aijua, akamwambia, "Dada, mbona wajitesa? Nakuwekea ya kraki saa hii hii, ishavunjwa kufuli, haitaki kidude wala intaneti. Ila tuzime antivairasi kwanza, maana itapiga kelele."

Hayo maneno ya mwisho ndo yaliyonifanya nikae niandike. Dada alikataa kwa sababu kompyuta ile ile ndo yenye hesabu za duka na ndo anayoingilia benki, akamaliza Idd kwa nakshi za zamani zilizokuwa zishahifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, na wateja waliotaka mpya wakaenda kwengine. Hasara hiyo haikumwendea mwizi. Lakini hebu fikiria ni wangapi hapa mjini waambiwa maneno yale yale na kila mmoja yuwaitikia, maana kazi imesimama na mteja yuko mlangoni. Zima ulinzi kwanza, alafu ingiza kitu usichokijua kimetoka wapi. Desemba 2021 watu wa usalama wa kompyuta wa Red Canary walitoa taarifa kuhusu KMSPico, kile kijiprogramu ambacho mafundi dunia nzima hukitumia kuamsha Windows isiyolipiwa, walikuta kuna matoleo bandia yaliyobeba Cryptbot, programu ya wizi ambayo kazi yake ni kuiba paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na pesa za kripto. Antivairasi ilikuwa ikipiga kelele kwa haki kabisa. Aliyeizima ni mwenye kompyuta, kwa sababu ashazoeshwa kwamba kelele zake hazina maana.

Na hizi kufuli hazikuanza jana. Wenye umri wangu mtakumbuka DVD zilivyokuwa. Wakubwa wa filamu waliigawanya dunia vipande, Kenya tukatiwa kipande cha 5 pamoja na India na Urusi, na Dubai na Oman zikatiwa kipande cha 2 pamoja na Ulaya. Sasa niambieni, nani hapa Mombasa hana jamaa Dubai au Maskati? Ami aja likizo na zawadi ya filamu, halali, ameinunua dukani kwa dirhamu zake, waitia kwenye mashine ya hapa inakataa, ati si ya eneo lako. Kwenye kompyuta ulikuwa ukiruhusiwa kubadilisha eneo mara 5 tu, ya mwisho ndo basi milele. Na wakati huo huo ile ya kopi ya barabarani haikujua eneo wala nini, yacheza popote. Kwa hivyo kufuli lilimpata nani? Lilimpata ami na watoto wake.

Mwaka 2005 Sony BMG walifanya kubaya zaidi ya hapo. Walitoa CD za muziki ambazo ukizitia kwenye kompyuta ya Windows zaingiza programu inayojificha ndani kabisa ya mashine, na inaficha kila faili ambalo jina lake laanza na $sys$. Mtaalamu mmoja wa Windows, Mark Russinovich, akaigundua kwenye kompyuta yake mwenyewe akaianika mwezi Oktoba mwaka huo huo, na hazikupita wiki nyingi waandishi wa vairasi wakaanza kuyapa mafaili yao majina hayo hayo ili yafichwe na Sony. CD zikarudishwa, kesi zikafunguliwa. Aliyelipa ndo aliyeingiziwa uchafu, aliyepakua bure mtandaoni kompyuta yake salama. Huu ni mfano wa zamani lakini naung'ang'ania kwa sababu waonyesha jambo lenyewe likiwa uchi, kwamba mtu akishaamua mteja wake ni mwizi basi haoni tena mpaka ni wapi.

Simtetei mwizi, mnielewe. Huu mji ni mji wa taarabu, studio ya Mbwana Radio ilirekodi waimbaji wetu na kaseti zake zikazunguka pwani nzima mpaka visiwani na ng'ambo, na kila aliyekuwa na redio ya deki mbili nyumbani alizitoa kopi akagawa mtaani. Tulifurahi sote, na waimbaji hawakuona senti ya zile kopi. Hilo ni deni na nalikubali. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 ipo, KECOBO, bodi yenyewe ya hakimiliki, wapo, na sheria hiyo hiyo yakataza pia kuvunja kufuli la kiteknolojia. Sawa. Lakini mimi sijaona kufuli lililompeleka mwimbaji wa Mombasa pesa nyumbani kwake. Nilichoona ni kwamba kazi ikiwa rahisi kulipiwa kwa M-Pesa, kwa bei ya hapa na si ya dola, watu hulipa.

Kuna kufuli nzuri vilevile na ni lazima niseme, nisije nikaonekana nataka kila kitu wazi. Ile PIN yako. Ile laini kufungwa isibadilishwe simkadi na mtu mwengine, walio Safaricom wapiga *100*100#, na kama hujafanya hivyo fanya sasa kabla hujaendelea kusoma. Hata lile kufuli la Android linalokuja baada ya simu kufutwa, linalotaka akaunti ya Google ya mwenyewe, lina maana yake kwa sababu mwizi wa simu hapo hana raha nayo. Tofauti ni moja tu, funguo ziko kwa nani. Kufuli ambalo funguo zake ninazo mimi lanilinda. Ambalo funguo ziko kwa kampuni ng'ambo, na kampuni yaweza kufa au kubadilisha nia, hilo limenifunga. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote walivyowauzia watu vikafutika, wakarudisha pesa, sawa, lakini kitabu ulichonunua hunacho. Na Mei 2024 kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika huko kusini intaneti ya Kenya nzima ikawa ya kusuasua, na hii SEACOM ni ile ile iliyoingilia nchi hapa kwetu Mombasa 2009. Programu inayotaka kupiga hodi Marekani ndo ikubali kufunguka, siku kama ile yafanya nini? Imekaa tu, na wewe umekaa, na umeilipia.

Sasa nije kwa matapeli, maana hapa ndo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Tazama meseji za halali zinazoingia kwenye simu na kompyuta ya mtu wa kawaida. Leseni yako imeisha, bonyeza hapa. Akaunti yako itafungwa usipothibitisha. Tumeona matumizi yasiyo ya kawaida, ingiza namba tuliyokutumia. Simu yako ya mkopo itajifunga usiku wa leo usipolipa. Na hii ya juzi juzi, kwamba Windows 10 haipati tena ulinzi wa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba zilizojaa hapa mjini haziwezi kwenda Windows 11 kwa sababu hiyo yataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa mpya mpya. Zote hizo ni za kweli. Zote ni vitisho, zote zina haraka, zote zataka ubonyeze kitu ambacho huwezi kujua kimetoka wapi, na usipobonyeza kweli wafungiwa.

Alafu tapeli naye aja. Aandika nini? Akaunti yako itafungwa, bonyeza hapa. Kompyuta yako haina ulinzi, piga namba hii. Apiga simu, jina lako alijua, namba ya kitambulisho aijua, sauti ya upole kabisa, "Mama yangu, laini yako kuna mtu yuwajaribu kuisajili, nikusaidie tuizuie, nisomee namba iliyoingia hapo sasa hivi." Mama amsomea. Atazame tena, laini imekufa na M-Pesa imefagiliwa. Watu wamcheka, wamwita mshamba. Mimi simcheki hata kidogo, na ananiudhi anayemcheka. Huyu mama kwa miaka amefunzwa na makampuni makubwa yenye heshima kwamba skrini ikitisha, tii, na utii haraka, la sivyo wapoteza. Amefunzwa kuwa yeye hana haki ya kuuliza kwa nini, hana ofisi ya kwenda, hana mtu wa kuongea naye. Tapeli alikuta somo lishafundishwa, hakuwa na la kuongeza.

Tuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, tuna ya ulinzi wa data ya 2019, na kuripoti meseji ya tapeli kwa kuipeleka namba 333 ni bure kwa walio Safaricom. Vizuri vyote. Lakini mama akienda kituo cha polisi kuripoti yuwaulizwa kwanza, "Wewe mwenyewe si ndo ulimpa namba?" na mambo yaishia hapo. Ile kampuni iliyomzoesha kutoa namba, hakuna anayeiuliza.

Nikiambiwa nichague la kubadilishwa kesho asubuhi, naanzia kwa mabenki. Wakatae kabisa kumtumia mteja linki kwenye meseji, hata moja, hata ya sikukuu njema, ili tuweze kuwaambia wazee wetu neno moja lisilo na kipengele: linki ikija si benki. Leo siwezi kumwambia shangazi hivyo kwa sababu si kweli. Alafu wauza programu, mtu mwenye risiti na jina lake liko kwenye rekodi zenu apewe leseni nyengine siku hiyo hiyo kwa barua pepe, kidude kikifa kimekufa. Kama kampuni yaona yafunga duka, itoe funguo kwanza ndo ifunge. Na kwa mafundi wetu wa Mwembe Tayari na Saba Saba, ambao nawaheshimu sana: mtu aliyekuja kutaka kuandika barua na kupiga hesabu, mbona mwamuwekea Office ya kraki na LibreOffice iko, ya bure kihalali, haitaki uzime chochote? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ya bure vilevile na ya kazi hizo hizo, kwa Kiswahili safi kabisa, na sisi hapa pwani hatukuipigia debe hata kidogo.

Benki yangu mimi ilinitumia meseji yenye linki juzi, ati nihuishe taarifa zangu kabla akaunti haijasimamishwa. Nilienda mpaka tawini kuuliza, wakanithibitishia kwamba ni yao kweli. Nikaomba kuonana na meneja, nikamwambia haya yote niliyoandika hapa, akaniambia niyaweke kwa maandishi atayapeleka makao makuu. Nimeyaweka, nimepeleka kwa mkono na kopi wamenigongea muhuri. Wakijibu nitaliweka jibu lao hapa hapa, na wewe kama benki yako yakufanyia hivyo hivyo nakusihi nenda nawe ukapeleke barua yako.