Diski, kifurushi au simu: gemu unayoicheza ni ya nani?

Oktoba 2025 Microsoft ilipandisha bei ya Game Pass Ultimate, kifurushi chake cha juu cha gemu, kutoka dola 19.99 kwa mwezi hadi dola 29.99. Wakati huohuo mashine yake ya gemu (konsoli), Xbox Series X, iliyoingia sokoni mwaka 2020 kwa dola 499, ilifikishwa dola 649.99 kule Marekani. Agosti ya mwaka huohuo Sony nayo ilikuwa imeongeza dola 50 kwenye konsoli yake, PlayStation 5 (PS5). Mashine za miaka mitano zinapanda bei badala ya kushuka, na hili ni geni kwetu. PS2 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, ikashuka mpaka dola 99 mwaka 2009, na kushuka huko ndiko kulikoifikisha mitaani kwetu, Tandika ya Dar es Salaam, Kawangware ya Nairobi na Kisauni ya Mombasa. Sony inasema iliuza zaidi ya mashine milioni 160 za aina hiyo.

Wengi wamelalamikia bei, na wana haki. Kinachonisumbua zaidi mimi ni kile kinachoondoka wakati tunabishana kuhusu dola: uwezo wa kuazimana gemu, kuiuza ukishaichoka, na kuicheza miaka kumi baadaye bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa Mmarekani mwenye kipato cha kati hilo ni usumbufu. Kwa kijana wa Mbagala ni tofauti kati ya kucheza na kutocheza kabisa.

Tuanze na upande wa kifurushi, maana una hoja nzito. Game Pass ilipoanza Juni 2017 ilikuwa dola 9.99 kwa mwezi, ukapata gemu zaidi ya mia moja. Gemu moja kubwa wakati huo ilikuwa dola 60. Leo ni 70, na Nintendo imeshafika 80 kwa Mario Kart World. Hata kwa bei ile ya Ultimate ya Oktoba 2025, iliyokuwa kama dola 360 kwa mwaka, hesabu ililipa kwa mtu anayemaliza gemu nane au kumi mpya kila mwaka. Pia inampa mtu nafasi ya kujaribu gemu ambayo asingethubutu kuinunua. Mzazi mwenye watoto watatu wenye ladha tofauti anajua thamani ya hilo. Hoja inadhoofika kwa mtu anayecheza gemu ya mpira tu Januari mpaka Desemba, na hao ndio wengi huku kwetu. Huyo anahitaji gemu moja, na kifurushi kinamlipisha maktaba nzima asiyoigusa.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kwa watengenezaji wadogo. Kampuni yenye kifurushi humlipa mtengenezaji fedha za uhakika ili gemu yake iwemo, kabla haijajulikana kama itapendwa. Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza kutokana na uchungu wa kumpoteza baba yake. Hadithi yake imejengwa juu ya simulizi za Kibantu: kijana mganga anamwendea mungu wa mauti akimtaka amrudishie baba. Na unaweza kuicheza yote huku wahusika wakizungumza Kiswahili. Gemu ya konsoli yenye sauti za Kiswahili! Siku ileile ya kutoka iliingia kwenye PlayStation Plus Extra, kifurushi cha Sony, huku wasiojiunga wakiinunua kwa dola 19.99.

Hapo ndipo pande zote mbili zinapoonekana kwa pamoja. Bila ya kifurushi na bila ya fedha za EA, kampuni iliyoichapisha, gemu kama ile ingepata shida kuwafikia watu wengi kwa siku moja. Lakini mauzo hayakutosha. Ndani ya mwaka huohuo studio yake, Surgent, ilipunguza watu, kisha ikatangaza kwamba kikosi kizima cha gemu kiko hatarini kupoteza kazi. Kifurushi kilileta wachezaji. Riziki ya kudumu hakikuileta. Na jambo linaloniuma: mwaka ule inatoka, huduma ya mtandao ya PlayStation ilikuwa haijafunguliwa rasmi Kenya wala Tanzania. Kusini mwa Sahara nchi iliyokuwemo ni Afrika Kusini. Mswahili wa Mombasa aliyetaka gemu ya lugha yake kupitia kifurushi hicho alilazimika kufungua akaunti ya kudai anaishi Uingereza, Marekani au Falme za Kiarabu, kisha atafute kadi ya malipo ya nchi hiyo.

Wengi wanafanya hivyo na inafanya kazi, mpaka siku isiyofanya. Mei 2024 tuliona ilivyo rahisi mlango kufungwa. Sony iliwataka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti zao na PlayStation, halafu gemu ikaondolewa kwenye duka la mtandaoni la Steam katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hizo hazitolewi. Wachezaji walipiga kelele mpaka Sony ikafuta sharti la akaunti ndani ya siku chache. Mtu unayemtegemea kila mwezi anaweza kukuambia wakati wowote kwamba nchi yako haimo kwenye orodha.

Upande wa diski sasa. Ingia banda lolote la gemu mtaani. Kuna runinga mbili tatu, mabenchi, PS3 au PS4, na gemu karibu zote ni mpira. Unalipia mechi, dakika za kipindi zimepunguzwa ili foleni isogee, aliyefungwa anaachia pedi. Kinachochoka kwanza ni kijiti cha analogi cha kushoto. Kinaanza kumvuta mchezaji pembeni bila kuguswa, na fundi anakibadilisha. Hesabu ya mwenye banda ni umeme wa LUKU, kodi ya chumba na pedi. Gemu alishainunua zamani. Diski moja, pengine iliyokwishapita mikono miwili, inahudumia vijana wa mtaa mzima kwa msimu wote, na toleo jipya likitoka lile la zamani anamuuzia mwenzake. Banda hilo linaweza kumaliza mwaka bila kuunganishwa na intaneti.

Mashine mpya zinaivunja hesabu hiyo. PS5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa dola 699.99 bila sehemu ya kuwekea diski. Sehemu hiyo iliuzwa pembeni kwa dola 79.99, na ukiifunga lazima mashine iunganishwe na intaneti mara ya kwanza ndipo ikubali. Xbox Series S haina kabisa. Bila diski unapakua, na gemu kubwa za leo zinavuka gigabaiti 100. Anayetumia bando la simu anajua hiyo maana yake nini. Na ukishapakua huwezi kumuuzia mtu, huwezi kumwazima jirani, na akaunti ikifungiwa vyote vimekwenda nayo.

Watengenezaji wana jibu lao, na nadhani tunapaswa kulisikiliza kwa haki. Leseni ya gemu hutolewa kwa matumizi ya nyumbani. Banda linalotoza kwa mechi halikuombewa kibali. Hata diski iliyotumika ikiuzwa mara tano, mtengenezaji hupata fedha ile mara ya kwanza tu. Na tuseme ukweli kuhusu PS2 tulizokua nazo: nyingi zilichipiwa, yaani ziliwekewa chipu ili zisome diski za kunakili, na diski zake zilikuwa nakala zilizochomwa na kuuzwa kwenye karatasi ya nailoni. Utamaduni wetu wote wa gemu ulikua bila aliyezitengeneza kupata chochote. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuishi kwa kutengeneza gemu hawezi kujenga maisha juu ya soko la namna hiyo.

Nalikubali jibu hilo nusu. Nakala za wizi ni jambo moja. Diski halali iliyolipiwa kwa bei kamili ni jambo jingine. Kuiuza au kuiazima ni haki ya mnunuzi, na Microsoft yenyewe iliwahi kulazimika kuliheshimu hilo. Mwaka 2013 ilitangaza Xbox One yenye masharti juu ya diski zilizotumika, na mashine iliyohitaji kuwasiliana na seva, yaani kompyuta za kampuni, kila siku. Hasira za wateja zikaifanya iyaondoe masharti hayo yote mwezi Juni, kabla mashine haijaingia sokoni. Tangu hapo kampuni hazijarudia kwa tangazo. Zimefanya polepole, kwa kuondoa tundu la diski.

Matokeo ya kutomiliki yameshaanza kuonekana. Google ilianzisha Stadia Novemba 2019, huduma ya kucheza gemu zinazoendeshwa kwenye seva za mbali, ikaifunga Januari 2023. Angalau ilirudisha fedha za watu. Ubisoft ilipozima seva za The Crew mwishoni mwa Machi 2024, gemu ya mbio za magari ya mwaka 2014, hata aliyekuwa na diski yake mkononi hakuweza kuicheza tena, kwa sababu ilihitaji seva kila inapowashwa. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba diski peke yake inatosha. Kilichozaliwa na tukio lile ni kampeni ya Stop Killing Games (Acheni Kuua Gemu), ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. California nayo, kuanzia Januari 2025, inayataka maduka ya mtandaoni yamweleze mteja wazi kwamba anapata leseni tu, si umiliki, endapo hicho ndicho anachouziwa.

Wapo watakaosema mjadala huu umeshapitwa na wakati kwetu, kwa sababu gemu zimeshahamia kwenye simu. Kwa namba wako sahihi: takriban nusu ya mapato ya gemu duniani sasa yanatoka kwenye simu. Na simu imefanya kile ambacho hakuna konsoli iliyowahi kukifanya hapa. Free Fire ya Garena, iliyotoka mwaka 2017, ilitengenezwa iweze kukimbia kwenye simu za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo. Kampuni ya Konami ilipobadilisha gemu yake ya mpira, PES, kuwa eFootball mwaka 2021 iliiachia bure. Binti ambaye asingeruhusiwa kukanyaga banda la gemu, ama kwa sababu wazazi hawataki, ama kwa sababu lenyewe limejaa wavulana wanaomtazama vibaya, anacheza nyumbani kwenye Tecno yake. Malipo nayo yamesogea karibu: Kenya mtu analipia Google Play kwa M-Pesa, bila kadi ya benki na bila kujifanya yuko London. Huu ni ukombozi wa kweli na sitaki kuupunguza thamani.

Ila mlango wa bure una gharama zake ndani. Gemu hizi huishi kwa kuuza vitu vidogo vidogo, na vingine huuzwa kwa bahati nasibu: unalipa kwanza, ndipo unajua umepata mchezaji bora au takataka. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari. Japani ilishazuia aina moja yake, ya kukusanya seti kamili, mwaka 2012. Mtoto anayetumia simu ya mama yenye salio la pesa ndani amewekwa karibu mno na kamari, katika nchi ambazo mikeka ya kubeti imeshawatesa vijana vya kutosha. Konsoli hazikuepuka hili, maana pakiti za wachezaji kwenye gemu za mpira za EA ni jambo lilelile. Tofauti ni kwamba kwenye simu biashara nzima imesimama hapo.

Na umiliki kwenye simu ni mdogo kuliko kwingine kote. Call of Duty: Warzone Mobile ilitoka Machi 2024. Mei 2025 iliondolewa madukani na masasisho yakasimama, baada ya miezi 14 tu, na waliokuwa wamenunua silaha na mavazi ndani yake hawakurudishiwa fedha.

Msimamo wangu ni kwamba kijana mwenye PS4 na diski zake asikimbilie kuibadilisha kwa mashine isiyo na tundu la diski, hata kama ni ya bei nafuu zaidi. Nafuu ile huliwa na bando ndani ya miezi michache. Mwenye intaneti ya waya nyumbani na hamu ya gemu nyingi tofauti ajiunge na kifurushi kwa mwezi mmoja au miwili, amalize anachokitaka, kisha asitishe. Hakuna sababu ya kulipa mwaka mzima. Mzazi aweke nywila ya manunuzi kwenye simu leo hii, kabla ya mtoto kuomba.

Sony na Microsoft ziwape Wakenya na Watanzania akaunti za nchi zao, na njia ya kulipa kwa simu. Soko linalolazimishwa kudanganya anwani yake haliwezi kuhesabiwa, na lisipohesabiwa studio za huku zitaendelea kuambiwa hakuna wateja. Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya zina kazi ya kumlinda mlaji, na hakuna haja ya kungoja sheria mpya ili zianze. Kila duka linalouza konsoli, Kariakoo au Luthuli Avenue, liandike kwenye karatasi ya bei kama mashine inasoma diski au haisomi, na kama gemu iliyomo kwenye boksi imo ndani ya diski au ni karatasi yenye namba ya kupakulia.