Popo wa savana, maembe na mbuyu

Mkulima aliyeamka akakuta maembe yake mabivu yameng'atwa na kutapakaa chini ya mti ana haki ya kukasirika. Hasara ni yake peke yake, wala hakuna wa kumlipa. Ndiyo maana popo wa Wahlberg, mla matunda mwenye vishungi vyeupe mabegani kwa dume, anachukiwa katika sehemu nyingi za savana kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini.

Lakini tutazame na mbuyu. Ua lake hufunguka jioni, jua likizama, na kesho yake linanyauka. Nafasi ya kuchavushwa ni usiku huo mmoja. Popo huyu ni miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo. Huzamisha uso ndani ya ua akitafuta nekta, akatoka na chavua manyoyani na kuipeleka kwenye mbuyu mwingine. Mti wa mwegea nao humtegemea. Tena akichuma tunda la mkuyu hali papo hapo: huruka nalo hadi mti mwingine, na mbegu zikaangukia mbali na mti mama. Savanani, ambako miti imeachana sana, huo ni msaada mkubwa mno.

Tatizo ni kwamba faida hii ni ya wote, ilhali hasara ni ya mwenye shamba. Hata hivyo, kuua sikuungi mkono. Mauritius iliidhinisha mauaji ya maelfu ya popo wa aina nyingine kuanzia 2015. Mavuno ya matunda hayakupanda, na kufikia 2018 popo hao walitajwa kuwa hatarini kutoweka. Jike la Wahlberg kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mkupuo, hivyo wakipungua hawarudi upesi. Kuchuma maembe yakiwa yamekomaa kabla hayajaiva husaidia, na nyavu husaidia zaidi. Ila nyavu ni ghali, na wanaotaka popo walindwe wanapaswa kuchangia gharama hiyo.

Kuna pia hofu ya Marburg, virusi vinavyoleta homa kali inayoweza kuua. Virusi hivyo vimethibitishwa kuishi ndani ya popo wa aina nyingine, aitwaye popo wa Misri, anayelala mapangoni na migodini. Wa Wahlberg hulala kwenye majani ya miti na chini ya mapaa. Kumchomea makao kwa sababu hiyo ni kumwonea. Tahadhari ya kutokula tunda lililong'atwa, hata hivyo, ibaki palepale kwa popo wa aina yoyote.