Zabibu Zichemshwe Kwanza

Inanikera kuona chai ya alasiri hapa Mombasa ikiandaliwa kwa biskuti za pakiti. Marikiti tunayo, mdalasini, karafuu, hiliki na kungumanga zinauzwa nzima, na bado mgeni anatiliwa sahanini kitu kisichonukia ila vanila.

Wamarekani wa kaskazini-mashariki wana biskuti za tangu karne ya 19, ziitwazo hermits: unga, molasi (rojo nyeusi ya miwa inayobaki sukari ikitengenezwa) au sukari ya kahawia, zabibu kavu na viungo vya moto. Siku hizi wengi huzioka kwenye trei na kuzikata vipande. Sijaona kitafunio cha kigeni kinachoikubali chai yetu ya rangi kama hiki.

Ninaloshikilia mimi ni zabibu. Wengi huzimwaga kavu ndani ya unga, nazo zikafyonza maji ya kinyunga, na zile za juu zikaungua zikawa chungu. Chukua kikombe kimoja cha zabibu, uzichemshe kwa kikombe kimoja cha maji mpaka zivimbe. Epua, tia nusu kikombe cha mafuta, acha vipoe. Maji yale usiyamwage hata tone! Utamu wa zabibu umo humo. Halafu tia sukari kikombe kimoja, yai moja, unga kikombe kimoja na robo tatu, kijiko kidogo cha soda ya kuokea na chumvi kidogo. Sukari guru iliyoparuzwa naipenda zaidi kuliko nyeupe, kwa kuwa molasi yake haikuondolewa.

Viungo twanga mwenyewe. Mdalasini kijiko kidogo, kungumanga nusu yake, karafuu robo tu, maana ikizidi inatia ganzi ulimi na ladha nyingine zote zinapotea. Hiliki haimo katika mapishi ya huko, lakini mimi naitia, tena bila kusita.

Oka nyuzi 190 kwa dakika 20 hivi. Asiye na oveni apalie makaa juu na chini, kama mkate wa mayai.

Kina dada mnaopokea oda za keki, hizi ziongezeni kwenye orodha yenu. Hazina krimu ya kuyeyuka kwa joto la kaskazi, na siku ya pili viungo huwa vimekolea zaidi. Mkebe tu ufunikwe barabara, hewa yetu ina unyevu.