Mshenga Aliyelowa

Nina miaka 61 na tezi dume yangu siku hizi inajiamulia mambo yake. Dokta alinieleza vizuri tu, imekua, sio kansa, ila imekaa pale chini ya kibofu imeuzunguka mrija wa mkojo inaubana, ndo maana naingia chooni nasimama kama nasubiri daladala, vinatoka vitone viwili vitatu, nikishafunga zipu nikafika mlangoni naitwa tena. Usiku mara nne. Mama watoto kaniachia upande wa nje wa kitanda maana kuruka ruka miguu ya mtu saa nane za usiku sio ndoa. Kanipa kidonge kimoja kila usiku (dokta, sio mama watoto) na onyo nisiinuke ghafla nitaona kizunguzungu, sasa mwambie hivo mtu mwenye haraka kama yangu.

Basi mtoto wa dada kapata mchumba Korogwe, ukoo ukaniteua mimi mshenga, eti nina maneno. Maneno ninayo kweli, breki ndo sina.

Nikajitia ujanja, tangu jana yake sinywi maji. Kosa kubwa, dokta alishanikataza, mkojo ukiwa mzito ndo unakichokonoa kibofu zaidi. Hatujafika hata Chalinze namuomba konda asimamishe tuchimbe dawa. Mara ya kwanza abiria walishukuru, tukashuka wengi. Mara ya pili tulishuka mimi na katoto. Mara ya tatu mama mmoja siti ya nyuma akauliza kwa sauti, "Jamani, hiyo dawa anayochimba huyu babu inatibu nini?" Basi zima likaangua kicheko, na mimi nikicheka nakwisha kabisa, kwa hiyo nikanuna.

Ukweni tukapokelewa vizuri, mkekani, wazee wao upande ule sisi upande huu, na mimi nimevaa suruali ya kaki. Mama watoto aliniambia vaa nyeusi, nikamuona mjinga.

Hali ikawa shwari mpaka alipokuja binti na birika na beseni kutunawisha. Kapiga magoti mbele yangu, maji ya uvuguvugu yanateremka taratiiibu kwenye vidole, chururuuu, ndani ya beseni. Yeyote mwenye ugonjwa huu anajua ile sauti. Nilibana mapaja, nikabana meno, nikaanza kuhesabu ng'ombe wa marehemu babu, nikahisi joto dogo linasambaa kwenye kaki. Ukubwa wa sahani ya chai hivi. Sikufikiri mara mbili, nikajifanya nimeteleza nikavuta lile beseni lote likanimwagikia mapajani. Binti akapiga kelele, "Nisamehe babu!" maskini, na shangazi zake wakaanza kumsema. Dhambi hiyo ninayo mpaka leo.

Nikaomba choo nikajifute. Mshenga wao, mzee wa umri wangu, akasema ngoja nikuoneshe njia, akatangulia kwa mwendo ambao sio wa kuonesha njia. Tumefika nyuma ya jiko, yeye huyo ndani, komeo kaa! Nikabaki nje na kaki yangu, nacheza miguu.

Nikasubiri. Kimya. Kitone. Kimya. Nikamwelewa kabisa.

"Mzee mwenzangu, vipi?"

"Bado. Hivi nyie mna shilingi ngapi?"

Tulikuwa tumetumwa tusivuke milioni moja na laki mbili. Nikasema milioni moja.

"Sisi tunasema mbili."

"Mzee, fungua tuongee."

"Moja na nusu. Usipokubali mimi bado sijamaliza humu."

Jamani mtu hupimwa kwa mengi ila nani kapimwa mlangoni mwa choo? Nikakubali, na blanketi mbili juu, na kama angetaja mbuzi ningempa.

Njiani kurudi kijana kanuna, "Mjomba, uliwezaje kukubali haraka vile?" Nikamwambia wale watu wana mbinu kali sana.

Ila sikumwambia kwamba wakati wa kuagana yule mzee alinivuta pembeni, nikajua anaongeza blanketi, kumbe kasikia kwa kijana wetu kwamba nina kidonge cha usiku, anauliza kinauzwa shilingi ngapi.

Nikamwambia laki tatu.