Mwanajeshi chuoni: shada la maua au barua ya kuahirisha mtihani?

Arusha na Moshi ni miji iliyozoea kombati. Monduli kuna chuo kinachofundisha maofisa wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), Oljoro kuna kikosi cha JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) cha 833, na katikati ya Njiro na Moshi kuna vyuo vya kutosha: Uhasibu, Makumira, Mwenge, KCMC, Ushirika. Haishangazi kumkuta mtu wa miaka 40 na kitu kwenye foleni ya usajili, bahasha ya kaki mkononi, nyuma ya vijana waliomaliza kidato cha sita juzi tu. Swali ni kama vyuo hivi viwe na utaratibu maalumu wa kuwaenzi na kuwasaidia wanafunzi waliopita jeshini. Upande mmoja unasema hilo ni deni, waliolinda mipaka wasihangaike na foleni. Upande wa pili unasema chuo si kambi, na mbele ya mtihani wote ni wanafunzi.

Kwanza ijulikane nani anahesabiwa. Tangu mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yarejeshwe mwaka 2013, vijana wengi wa kidato cha sita wamewahi kuitwa kuruta. Miezi mitatu hiyo ya mafunzo haimfanyi mtu kuwa askari mstaafu, na chuo kitakachochanganya makundi haya kitajikuta nusu ya mwaka wa kwanza wanadai upendeleo. Aliyejitolea JKT miaka miwili akarudi nyumbani bila ajira yuko mahali pagumu zaidi: ana nidhamu, ana ufundi, hana pensheni. Halafu kuna aliyeko kazini bado, amepewa ruhusa ya masomo, na kuna mstaafu kamili. Shida za hawa hazifanani hata kidogo.

Wanaopinga wana hoja nzito, na haifai kuwajibu kwa wimbo wa uzalendo. Darasa hilohilo lina mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa kijijini miaka 15, nesi anayetoka zamu ya usiku, mama wa watoto watatu aliyejisomesha kwa duka la rejareja. Kwa nini mstaafu mwenye pensheni apunguziwe ada na huyu mama asipunguziwe? Historia nayo haikuanza vizuri. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga sharti la wasomi kwenda JKT kwa miaka miwili huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kuwarudisha nyumbani wanafunzi karibu 400. Tangu hapo wapo wasomi wanaoona sare ikiingia chuoni wakahisi amri imeingia nayo, na hofu hiyo ina chanzo.

Hata hivyo usawa hauna maana ya kumpa kila mtu fomu ileile. Chukua suala la kuahirisha mtihani. Katika vyuo vingi alama 40 zinatokana na tesiti na kazi za darasani, 60 zinatokana na mtihani wa mwisho. Askari aliye masomoni akiitwa kikosini wiki ya tisa, tayari ana alama za tesiti lakini mtihani hataufanya. Fomu ya kuahirisha inataka sababu, mahali aendako, tarehe ya kurudi na viambatisho. Yeye hana ruhusa ya kusema anakwenda wapi, na tarehe ya kurudi haijui. Barua ya mkuu wa kikosi inasema tu "majukumu ya kikazi". Karani anaiona haijakamilika, anaiweka pembeni, mkuu wa idara haioni, na matokeo yakitoka jina lake limeandikwa kwamba hakufika kwenye mtihani bila ruhusa. Hilo si suala la sapu, yaani kurudia mtihani. Kwenye kanuni nyingi za vyuo, kukosa mtihani bila ruhusa kunaweza kumfukuzisha mtu masomo. Hapa hakuna aliyemchukia askari. Fomu ilitungwa kwa ajili ya mgonjwa na mfiwa.

Dawa yake haina gharama: kanuni iongezewe kifungu kimoja kwamba barua yenye muhuri wa kikosi inatosha bila kutaja mahali, tarehe ya kurudi inaweza kubaki wazi, na alama za tesiti zitunzwe hadi mtihani huo utakapotolewa tena. Kifungu kiandikwe. Kisiachiwe huruma ya mkuu wa idara, kwa sababu huruma huhama na mwenye ofisi.

Marekani walijifunza hilo kwa maumivu. Sheria yao ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliotoka vitani ilisifiwa mno, na kufikia 1947 karibu nusu ya waliodahiliwa vyuoni walikuwa askari wa zamani. Lakini utekelezaji uliachwa mikononi mwa maofisa wa majimbo na vyuo vyenyewe, na majimbo ya kusini askari weusi wengi wakanyimwa kilekile walichopewa wenzao. Sheria mpya ilipoanza kutumika Agosti 2009, tatizo lilikuwa jingine: kila muhula chuo kilipaswa kuthibitisha usajili wa mwanafunzi kwa idara ya serikali, karatasi zikarundikana, na kufikia Oktoba serikali ikalazimika kutoa hundi za dharura za hadi dola 3,000 kwa wanafunzi waliokuwa hawana kodi ya nyumba. Fedha zilikuwepo, njia ya kuzifikisha ndiyo iliyoziba. Kwa hiyo anayesema tuige Marekani aanze na mtu mmoja pale ofisi ya usajili ambaye kazi yake ni kusukuma karatasi hizo.

Kwetu ada ndiyo kikwazo cha pili. Bodi ya Mikopo imeweka ukomo wa miaka 35 kwa mwombaji, kwa hiyo mstaafu ambaye wengi wanamdhania ana bumu, yaani fedha za mkopo, kumbe hana. Kiinua mgongo kinapofika, nyumba, karo za watoto na ndugu vimekwisha kupanga foleni. Chuo hakiwezi kubadili sharti la Bodi. Kinaweza kugawa ada kwa awamu nne badala ya mbili na kumpa kibali cha mtihani aliyelipa awamu zilizofikia tarehe. Hapo nakubaliana na wapinzani moja kwa moja: utaratibu huu uwe wa kila mwanafunzi mtu mzima asiye na mkopo, mwalimu, nesi na yule mama wakiwemo. Cha askari peke yake kibaki kile kifungu cha kuahirisha na usiri wa taarifa zake.

Kuna jambo dogo ambalo huwa halisemwi. Milio ya risasi na mizinga hula masikio taratibu. Masika ya Moshi yakipiga juu ya mabati, mhadhiri asiye na kipaza sauti hasikiki hata na kijana wa miaka 20, sembuse aliyekaa miaka kwenye shabaha. Naye hataki kukaa mbele, amezoea kiti cha nyuma chenye ukuta mgongoni na mlango machoni. Mhadhiri anamwona mzembe. Kipaza sauti na maandiko ya somo yaliyotolewa kabla ya kipindi vinamaliza shida hiyo, na vinawafaa darasa zima.

Sasa heshima. Siku ya Mashujaa ni Julai 25 na Siku ya Majeshi ni Septemba 1, tarehe ambazo vyuo vingi viko kwenye mitihani au likizo, ndiyo maana sherehe chuoni hugeuka bango kwenye geti tupu. Wanaotaka siku ya chuo wana haki ya kuitaka. Ila utaratibu wa kuwasimamisha watu ukumbini wapigiwe makofi nausita. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania waliuawa Kivu Kaskazini, Kongo, na aliyekuwa huko anaweza kuwa ameketi safu ya nyuma leo. Mhadhiri kijana, kwa nia njema kabisa, anamgeukia: "Afande, hebu tuambie Kongo kulikuwaje." Darasa zima linageuka. Yeye anafunga daftari, anasema, "Mwalimu, tuendelee na mada."

Basi aulizwe kwanza, faraghani, siku ya usajili: unapenda kutambuliwa hadharani, au hapana? Jibu liandikwe, liheshimiwe, na aweze kulibadili. Na kamati ya mahafali impe taarifa mapema kama jioni hiyo kutakuwa na fataki.