Ukiandika baroki kwenye mwaliko, piga minueti

Msimu wa kanivali ukikaribia Ulaya, mialiko ya dansi za mavazi huanza kumiminika: usiku wa baroki, yaani mtindo wa Ulaya wa karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 18, wenye mishumaa, wigi, barakoa, gauni zilizotanuka nyonga. Teremka hadi kwenye ratiba, utakuta walsi, dansi ya wawili waliokumbatiana wakizunguka, kisha walsi tena, wala si minueti, dansi ya wawili ya zama zile. Hilo linaniudhi kwa dhati. Walsi ilipanda kwenye kumbi za wakubwa mwishoni mwa karne ya 18 na kutamba karne ya 19. Louis XIV, mfalme wa Ufaransa wa enzi ya baroki, alikuwa kaburini tangu 1715.

Lakini tarehe ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mwili unafanyishwa kinyume. Walsi hushuka kwenye pigo la kwanza, minueti hupanda. Aliyezoea kushuka hapo hawezi kuvikwa koti la hariri saa mbili usiku akageuka mchezaji wa enzi ya Lully, mtunzi wa muziki wa Louis XIV.

Hatua ya minueti huchukua mapigo sita, yaani vipimo viwili vya muziki wa tatu-tatu, na ndani yake miguu inakanyaga mara nne tu: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Magoti yanakunjwa kabla, kwenye pigo la 6 lililotangulia, uzito ukiwa mguu wa kushoto. Pigo la 1 unakanyaga kulia huku ukinyooka na kuinuka juu ya vidole. La 2 unashuka na kukunja. La 3 unainuka tena, sasa kwa kushoto. La 4 kulia, la 5 kushoto. Hizi mbili unatembea ukiwa juu, magoti yamenyooka. La 6 unashusha kisigino taratibu na kukunja, tayari kwa hatua nyingine. Zipo namna nyingine za kuipanga, lakini anayeanza aishike hii kwanza.

Inaharibika wapi? Mara nyingi ni pale kwenye la 2. Mtu anaona muziki una tatu, basi anakanyaga tatu, na kufikia kipimo cha pili mguu wake wa kulia uko mahali pa kushoto. Dawa yake ni kuhesabu hadi sita kwa sauti, ukitamka 1, 3, 4, 5 na kunyamaza kwenye 2 na 6, kwa sababu ukimya huo ndio wa magoti. Wapigaji wa muziki nao wana lao. Wakigonga kila kipimo kwa uzito uleule, mchezaji hajui yuko nusu ya kwanza ya hatua au ya pili. Na wakivuta mwendo kama wako jukwaani kwa wasikilizaji waliokaa, vifundo vya miguu vinatetemeka kwenye la 4 na la 5, maana hakuna awezaye kukaa juu ya vidole muda wote huo. Mapigo 120 hadi 140 kwa dakika yanatosha.

Tena vazi lenyewe linaikataa walsi. Gauni la ikulu ya mfalme lenye mifupa ya nyangumi lilishonwa mabega yakiwa chini na nyuma, mikono imebanwa, hivyo mkono haupandi juu ya bega. Ndiyo maana mikono ya baroki inazungukia kwenye kiwiko na kifundo, chini, kwa utulivu. Fremu za nyonga nazo zinawatenga wawili wanaocheza kwa karibu urefu wa mkono mmoja kila upande. Ukimkumbatia mwenzako kwa walsi, fremu inainuka upande wa pili na sketi inapanda. Nimekubali poliesta, kwa shingo upande, kwa sababu hariri ni ghali. Lakini pindo liishie juu ya kifundo, na viatu viwe na soli ya ngozi. Sakafu ikiteleza, soli isuguliwe kwa msasa. Mpira unang'ang'ania sakafu na goti ndilo linaloumia.

Barakoa sina ugomvi nazo. Mwaka 1745 pale kwenye kasri la Versailles, mfalme Louis XV alitokea kwenye dansi akiwa amevaa umbo la mti wa bustani uliopogolewa.

Waandaaji wanasema minueti ni ngumu, wageni wamelipa, wanataka kufurahi. Nakubali kwamba si ya kujifunza kwa dakika kumi. Ila kumbukumbu tunazo. Mwaka 1700 Feuillet, mwalimu wa dansi Mfaransa, alichapisha mfumo wa kuandika dansi: njia ya mchezaji inachorwa kama inavyoonekana kutoka juu, vistari vinavyoikata vinalingana na vipimo vya muziki ulioandikwa juu ya ukurasa, na alama ndogo zinaonyesha kukunja, kuinuka na kuruka. Dansi zaidi ya 300 zimehifadhiwa hivyo. Pierre Rameau, mwalimu wa dansi, alieleza minueti kwa urefu mwaka 1725: heshima kwa mwenye nafasi ya juu, heshima kwa mwenzako, kisha umbo la Z, mkono wa kulia, wa kushoto, Z tena, na mwisho mikono yote miwili. Siku zile walicheza wawili tu ukumbini, wengine wote wakitazama.

Basi fanyeni mazoezi mara mbili, saa mbili kila mara, kabla ya usiku wenyewe. Wawili wapewe nafasi ya mita 3 kwa 4. Wasioweza minueti wacheze kontradansi, ile ya mistari miwili, inayoshikika upesi na ni ya zama zilezile. Muziki wa mtunzi Vivaldi ubaki kwa wakati wa kula. Hapsikodi, ile kinanda ya zama hizo, peke yake haisikiki juu ya viatu vya watu mia, kwa hiyo leteni fidla na obo, ala ya kupuliza, na muwaachie wapiga fidla nafasi ya kukaza upya nyuzi za utumbo, kwa sababu joto la ukumbi huzilegeza.

Na kiongozi wa wapigaji atoe vipimo viwili kamili kabla ya kuanza, wazi na vya mwendo uleule, ili likifika pigo la 6 magoti yote ukumbini yawe yamekunjwa.